Paka wetu hataki mkanda wa shingoni, na nyumba nzima imegawanyika

BARUA

Assalaamu alaykum Mshauri,

Jambo langu linahusu paka, lakini limeshafika mahali ambapo watu wazima ndani ya nyumba moja hawasemezani vizuri, ndiyo maana nakuandikia.

Nimeolewa, naishi Malindi, Mji Mkongwe, Zanzibar, katika nyumba ya ukoo wa mume wangu. Tupo mimi, mume wangu, mtoto wetu wa kiume anayesoma skuli ya msingi, na mavyaa wangu, ambaye sote tunamwita Bi Mkubwa. Paka anaitwa Kashata. Mwanangu alimwokota mtaroni wakati wa masika akiwa mdogo, macho yamejaa tongo, tukamlea mpaka sasa ni shume zima, rangi ya kahawia, mkia umepinda nchani. Mchana hulala juu ya mswala wa Bi Mkubwa. Akitaka kusali humnyanyua taratibu akamweka pembeni, naye hungoja mpaka salamu itolewe, kisha hurudi palepale. Usiku hatujui aendako. Hutokea dirishani, akashika mapaa ya mabati, na watu humwona hadi diko la samaki.

Shida ilianza alipopotea. Alikaa nje muda mrefu kiasi cha mwanangu kukataa chakula. Tulikuja kumkuta nyumba ya uchochoro wa nyuma, amenenepa, watoto wa pale wamempa jina Simba na wanasema ni wao. Mama wa nyumba hiyo ni mtu mwema, alimrudisha bila ya maneno, lakini alisema kitu kimoja ambacho mpaka leo kimenikaa: "Mimi nitajuaje kama ana wenyewe? Hana alama." Haukupita muda, mtaani wakaonekana paka wawili wamekufa karibu na jaa, watu wakasema ni sumu ya panya. Usiku ule mwanangu hakulala.

Wifi yangu anaishi Uingereza. Aliposikia hayo akatuletea mkanda wa paka kwa mtu aliyekuwa anakuja likizo. Ni mkanda mzuri, wa nailoni nyekundu, una kikengele na kibati kidogo cha kuandikia nambari ya simu. Siku tuliyomvisha ilikuwa balaa. Kashata alilala bapa sakafuni, akaanza kurudi kinyumenyume mpaka akagonga masufuria, kisha akapitisha taya la chini ndani ya mkanda akitaka kuutafuna, ukamnasa mdomo ukiwa wazi. Mate yanamtoka, kucha zinapiga hewani. Mume wangu alimviringisha kwa taulo ndipo nikaufungua, na mikono yake ilitoka na mikwaruzo mirefu. Tangu siku hiyo Kashata akisikia kikengele tu, anapanda juu ya kabati.

Bi Mkubwa hasemi kwa ukali, lakini msimamo wake haupindi. Anasema kumfunga kiumbe asiyeweza kujieleza ni dhulma, na kila nikiutoa ule mkanda ananikumbusha hadithi ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka. Tena ana hofu nyingine, ambayo huisema kwa sauti ya chini: paka anayetembea usiku na kitu shingoni, watu watasema kafungwa hirizi, katumwa. "Watampiga mawe kwa kitu tulichomvisha sisi wenyewe," ndivyo anavyosema.

Wifi naye kila akipiga simu ya video swali la kwanza ni, "Kashata yuko wapi? Mbona shingo tupu?" Anasema huko kwao paka wanavaa na hawafi, na kwamba sisi hatuna subira, tumvishe tumwache alie mpaka achoke. Mume wangu hataki kumuudhi mama yake wala dada yake, kwa hiyo ameniachia mimi. Mwanangu anataka avishwe leo hii. Na nilipokwenda kuuliza katika duka la dawa za mifugo, muuzaji alinionesha mkanda wa mbwa wenye dawa ya kupe, akasema huo ukishakazwa hautoki, na viroboto vitakwisha hapohapo.

Mshauri, nimvishe kwa nguvu mpaka azoee? Nimwache na shingo tupu huku nikingoja siku ya kumwokota amekufa? Nimfungie ndani? Na nitazungumza vipi na Bi Mkubwa asione kwamba nimeshika upande wa wifi? Mimi ndiye niliyeolewa katika nyumba yao, na miaka yote tumeishi kwa kusikilizana. Sitaki jambo la paka liwe ndilo litakalotuharibia.

Mke wa Mwana, Malindi


JIBU

Waalaykumu salaam mwanangu,

Nimeisoma barua yako nikarudia, kwa sababu naona ina mambo mawili yaliyosukwa pamoja. Kuna paka aliyepotea akarudi, mtaa ambao watu wanatega sumu, mtoto mwenye hofu, na mkanda wa nailoni uliokuja kutoka mbali ili uondoe hofu hiyo, paka mwenyewe akaukataa. Na kuna nyumba ambayo kila mtu ana la kusema juu ya mkanda huo, kisha wote wamekugeukia wewe. Mume amekuachia. Wifi anakuuliza wewe. Mavyaa anakukumbusha wewe. Ukiniuliza uzito uko wapi, mimi nauona hapo zaidi kuliko shingoni kwa Kashata. Lakini naomba tuanze naye, maana ndiye asiyeweza kuandika barua.

Uliyoyaona siku ile si ukorofi. Paka wengi wakivishwa kitu mara ya kwanza hufanya hivyohivyo: hulala bapa, hurudi nyuma, hujikuna na kutaka kukitoa. Shingo ndipo mahali adui humshika, na ngozi yake hapo husikia hata unywele ukisogea. Juu ya hilo yakaja mambo mengine mawili: sauti iliyomfuata kila alipogeuza kichwa, na taya lililonasa. Alichojifunza siku ile ni kwamba kitu kile kinauma na hakimwachii. Kwa hiyo anapokimbilia kabatini, anajilinda kwa yale anayoyajua. Ushauri wa kumwacha alie mpaka achoke nauogopea hapo. Paka aliyechoka hupoa kwa nje, ukadhani amekubali, kumbe ameacha tu kupigana. Wengine huacha kula, wengine huhama nyumba kabisa, na nyumba ya uchochoro wa nyuma mlango uko wazi.

Hilo la taya linanionesha pia kwamba mkanda ulikuwa umelegea. Watu wenye huruma huulegeza wakiona ndio wema, na mkanda uliolegea ndio wenye hatari zaidi. Kipimo kinachotumika ni vidole viwili: vilaze bapa kati ya mkanda na shingo, vipite vyote viwili kwa kugusana na ngozi, visielee. Ukilegea zaidi ya hapo, siku taya halikunasa utanasa mkono. Paka akijaribu kuuvua hupitisha mguu wa mbele ndani ya mkanda, ukahamia kwapani ukakaa mshazari, na kila hatua anayopiga unamkata. Ngozi ya kwapa ni nyembamba, manyoya yanaficha kidonda, na watu wengi hujua baada ya kusikia harufu. Vidonda vya namna hiyo hukawia sana kupona, na vingine havifungi mpaka daktari avishone. Ile mikanda ya mpira inayovutika, ambayo huuzwa kama ndiyo salama, huleta hasa jambo hili, kwa kuwa inavutika vya kutosha mguu upite.

Sasa uchukue huo mwekundu uangalie kifungio chake. Ikiwa ni bizimu ya chuma kama ya mkanda wa suruali, hautafunguka wenyewe hata iweje. Ikiwa ni kifungio cha plastiki cha kubana, ufunge ukiwa mtupu, shika pande mbili, uvute kwa ghafla. Ule wa paka wenye kifungio kinachoachia hufunguka ukivutwa kwa uzito wa paka. Kwa paka anayekwenda diko la samaki kwa njia ya mapaa, hili kwangu ni la kwanza. Fikiria ncha za mabati yaliyopinda, nondo za madirisha, misumari ya boriti kuukuu, nyaya zinazoning'inia kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Mkanda usioachia ukinasa kwenye ncha ya bati usiku, hakuna wa kumviringisha kwa taulo. Gharama yake ni kwamba mkanda unaoachia hupotea, na pengine atarudi asubuhi bila nao. Hiyo ni hasara ya fedha, inavumilika.

Kikengele ukitoe. Faida yake kubwa ni kuwaonya ndege, na kwa Kashata sasa hivi kimekuwa sauti ya kitisho. Kibati nacho si lazima. Fundi cherehani anaweza kushona nambari ya simu kwa uzi juu ya mkanda wenyewe, isomeke vizuri, na hapo hakuna kinachoning'inia wala kinacholia. Tena kwa hewa yetu ya chumvi, pete za chuma hupata kutu haraka. Msimu wa masika mkanda wa kitambaa hushika maji siku nzima, ngozi chini yake ikawasha na manyoya yakanyonyoka, kwa hiyo unatolewa, unakaushwa, na shingo inaangaliwa. Kama mngekuwa mnaanza na mtoto wa paka ningekusisitizia zaidi, kwa sababu hukua mkanda ukabaki palepale. Kwa shume zima hilo halikusumbui.

Baada ya hayo, naomba nikuulize jambo: mkanda huu unazungumza na nani? Kwa Kashata hauna maana yoyote. Unazungumza na watu, unawaambia huyu ana wenyewe, wapigieni. Ni kazi nzuri na ni kazi yenye mpaka. Sumu haisomi nambari ya simu. Sumu nyingi za panya zinazouzwa madukani huzuia damu kuganda, na paka anaweza kuzipata kwa kula panya aliyekwisha kuzila, akaonekana mzima kwa siku kadhaa kabla ya kuanza kulegea, fizi kupauka, kuhema kwa taabu au kutokwa na damu. Akiwahishwa kwa daktari wa mifugo, vitamini K huokoa. Nakueleza haya kwa sababu katika barua yako umeweka shingo tupu upande mmoja na kifo upande wa pili. Mtoto akiamini kwamba Kashata akivaa hatakufa, na likatokea la kutokea, atabeba kitu kizito kuliko hofu aliyonayo leo. Mwambie ukweli kwa kiasi anachoweza kuelewa: mkanda husaidia akipotea, na sumu tutaizungumza na majirani.

Na majirani hao hawahitaji kusubiri mkanda. Yule mama wa uchochoro wa nyuma alikuuliza swali la haki, na sasa anajua jibu lake. Nyumba nyingine je? Mtoto wako anaweza kwenda na wewe jioni, baraza kwa baraza, na picha ya Kashata kwenye simu na ule mkia wake uliopinda, ambao ni alama asiyoweza kuipoteza. Huko mtajua pia nani anatega sumu na wapi, na pengine atakubali kuiweka ndani ya kisanduku ambacho paka haingizi kichwa, au kutumia mtego. Wapo watakaokujibu kwamba paka wamewachosha na mikojo yao. Msikilize huyo zaidi kuliko wengine, kwa sababu ndiye unayehitaji kujua anataka nini.

Hapa nakuja kwa Bi Mkubwa. Umeandika kwamba nyumba imegawanyika. Nikisoma maneno yake na ya wifi yako, naona wote wawili wanaogopa jambo moja: Kashata kudhuriwa na mkono wa mtu. Mmoja anaona mkanda utamkinga, mwingine anaona mkanda ndio utakaomponza. Hadithi anayokukumbusha ni sahihi, imo katika Bukhari na Muslim: mwanamke alimfungia paka, hakumpa chakula wala maji, wala hakumwachia ajitafutie wadudu wa ardhini, mpaka akafa. La kufutu nawaachia wenye elimu, na mtaa wenu hauwakosi. Mimi nikiisoma naona kifungo na njaa, na mkanda wa shingoni haumzuii kula wala kutembea. Lakini usiende kwake na hoja hiyo kama ndiyo ya kumaliza mazungumzo. Bi Mkubwa alikuwapo, aliona mate na kucha, na alichokiita dhulma alikiona kwa macho. Kwa namna mkanda ulivyovishwa siku ile, ana hoja.

Nimevutiwa na habari ndogo uliyoiandika ukapita haraka: paka huyu hulala juu ya mswala wake, na yeye humnyanyua taratibu. Bila shaka anaijua pia ile habari ya Abu Qatada, aliyeinamisha chombo cha maji ya udhu ili paka anywe, mkwewe Kabsha akamtazama kwa mshangao, akamweleza kwamba Mtume (s.a.w.) amesema paka si najisi, ni katika wanaotuzunguka majumbani. Humo ndani hakuna mtu anayemshika Kashata kwa mikono ambayo paka huyo anaiamini kuliko mavyaa wako. Umejaribu kumwomba shauri, badala ya kumwomba ruhusa? Unaweza kumwambia, "Mama, mimi sitaki ateswe na sitaki apotee tena. Wewe ndiye anayekusikiliza. Ungekuwa wewe ungefanyaje?" Hatari yake nikuambie mapema: anaweza kujibu kwamba asivishwe kabisa. Ukishauliza kwa namna hiyo, itakubidi jibu lake ulipokee, angalau kwa muda, na utafute ulinzi wa njia nyingine. Kama huko tayari kwa jibu hilo, ni bora mume wako ndiye azungumze na mama yake. Na kwa kweli hata ukiwa tayari, sioni kwa nini yeye akae pembeni. Ni mama yake na ni dada yake.

Ikitokea Bi Mkubwa akakubali kujaribu, njia ya taratibu ndiyo hii. Mkanda bila ya kikengele uwekwe mahali Kashata anapolala, uchukue harufu yake, usimwoneshe, usimsogezee. Uwepo tu. Siku zinazofuata, wakati anakula dagaa au kichwa cha changu, mtu anayemwamini amguse shingoni kwa mkono mtupu, kisha kwa mkono ulioshika mkanda. Akiendelea kula, vizuri. Akisimamisha ulaji, mkono urudi nyuma. Baadaye mkanda ulazwe juu ya shingo bila ya kufungwa. Kisha ufungwe kwa muda wa kumaliza sahani, utolewe yeye akiwa bado ametulia. Hapo ndipo wengi huharakisha: wanangoja mpaka aanze kupambana ndipo wautoe, naye anajifunza kwamba kupambana ndiko kunakomwokoa. Muda huongezwa kidogo kidogo, na siku za mwanzo asiachwe peke yake nao hata kwa dakika, wala asitoke nao nje usiku.

Mtazameni mwili wake. Masikio yakilala nyuma, ngozi ya mgongo ikirukaruka, mkia ukipiga sakafu, mboni zikijaa jicho zima, amesema basi kwa leo. Mwanao afundishwe kuzisoma dalili hizo, na ndiyo kazi nitakayompa: yeye ndiye wa kusema "basi". Atakuwa na shughuli, na mikono yake itakaa mbali na kucha. Wapo paka wanaozoea ndani ya wiki. Wapo ambao haiwezekani, na aliyekwisha kunaswa taya huwa mgumu zaidi. Ikiwa baada ya subira ya kweli Kashata bado anakataa, hilo nalo ni jibu.

La hirizi silidharau. Mimi nimekulia mwambao, najua neno moja usiku linavyoweza kuwafanya watu wazima waokote mawe. Kitambaa kilichofungwa fundo, cheusi au chekundu, na kitu kidogo kinachoning'inia, kwa mbali kinaweza kudhaniwa hivyo. Mkanda wako ni mwekundu na una kibati. Labda rangi nyingine, nyeupe au ya manjano inayong'aa, pana kidogo, na tarakimu za simu zilizoshonwa kwa ukubwa, haitazua shaka hiyo, na watoto wa mtaa wakishamwona nao mchana mara kadhaa watakuwa wao ndio wa kusema ni wa nani. Lakini Bi Mkubwa anawajua watu wa mtaa kuliko mimi. Muulize kama rangi ingebadilisha kitu, na akisema haibadilishi, mwamini.

Mkiuacha mkanda, hamjabaki mikono mitupu. Ipo chipu, kidude cha ukubwa wa punje ya mchele kinachowekwa na daktari chini ya ngozi kati ya mabega kwa sindano. Haina betri, inabeba nambari ya tarakimu 15, na husomwa kwa kifaa maalumu. Haimwoneshi Kashata yuko wapi, na jirani yako hana kifaa cha kuisoma, kwa hiyo kwa mtaa wenu itasema kidogo sana. Inasaidia mkibishania umiliki, au mkihama naye nchi. Kuna pia ukanda wa karatasi, unaoandikwa ujumbe, ukazungushwa shingoni na kubandikwa ncha zake. Huko Uingereza mashirika ya wanyama huutumia kumuulizia mwenye paka anayezurura. Unachanika ukivutwa kidogo tu, kwa hiyo hatari yake ni ndogo, na unamfaa paka anayekula pia nyumba nyingine usiyoijua. Kwa Kashata wa leo, ambaye shingo ni jeraha la moyo, hata huo unataka utaratibu uleule.

Jambo ambalo hukuliuliza ni kumhasi. Shume asiyehasiwa huenda mbali, hupigana, hunyunyiza mikojo kwenye milango ya watu, na hayo ndiyo yanayowafanya baadhi ya majirani watege sumu. Akihasiwa, wengi hutulia karibu na nyumbani. Wanazuoni wamehitilafiana juu yake, wapo wanaoruhusu pakiwa na maslahi bila ya kumdhuru, na wapo wanaolichukia, kwa hiyo hili pia ni la kuzungumza na Bi Mkubwa na mtu anayemwamini katika dini, wala usilifanye kimyakimya. Kumfungia ndani usiku kunawezekana akiwa na maji, chakula na beseni la mchanga, ila utafunga madirisha katika joto letu, na Kashata aliyezoea mapaa atalia usiku kucha. Kwa nyumba yenye mtu mzima anayeamka alfajiri, mjue mnachokiingia.

Wifi yako naye anapenda, na kupenda kwa mbali kunaumiza kwa namna yake. Akikuambia huko kwao paka wanavaa, mweleze kwa heshima kwamba huko England sheria tangu tarehe 10 Juni 2024 inamtaka mwenye paka amtie chipu kabla hajafika wiki 20, na mkanda haimlazimishi mtu. Wapo paka wengi huko wanaokaa shingo tupu. Simulizi ya taya kunasa ameisikia? Barua yako haisemi. Labda anachokijua ni kwamba zawadi yake imetupwa. Kaka yake akimweleza kilichotokea, na akamwomba atafute mwingine wa kifungio kinachoachia, usio na kikengele, atakuwa na la kufanya, na swali la kila simu litapungua.

Mikwaruzo ya mume wako iangaliwe. Paka akikuuma au kukukwaruza, kidonda huoshwa kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha mtu huenda kituo cha afya, kwa sababu kichaa cha mbwa humpata paka pia. Kama Kashata hajapata chanjo, mpelekeni kwa daktari wa mifugo, na safari hiyohiyo muulizeni juu ya kuhasi na chipu, na shingo yake ipimwe.

Yote haya sikukuchagulia, kwa kuwa nyumba ni yenu na paka mnamjua nyinyi. Lipo moja tu nitakalokuomba bila ya kuzungukazunguka: ule mkanda wa mbwa wa dawa ya kupe usiingie ndani mwako. Baadhi ya mikanda ya namna hiyo ina permethrini au amitrazi, ambazo mbwa huzivumilia. Ini la paka haliwezi kuivunja permethrini ipasavyo. Huanza kutetemeka, misuli ikacheza, akaingia degedege, na anaweza kufa. Dawa ya kuogeshea ng'ombe nayo ni hivyohivyo, hata ikichanganywa na maji mengi. Viroboto vya Kashata vina dawa zake zilizoandikwa kuwa ni za paka, na kipimo hufuata uzito wake. Ukipita tena dukani, mweleze huyo muuzaji kwa upole, maana wewe uliuliza kwanza, na atakayekuja kesho na paka wake huenda asiulize.